Kunyoa Ndevu kwa Mashine ya Wembe Mmoja: Mwongozo kwa Mwenye Mfuko Mdogo

Katika maduka mengi ya mitaani kwetu, wembe wa makali mawili hukaa rafu moja na viberiti, sindano na mishumaa, na wateja wake wakubwa ni mafundi cherehani wanaofumulia mishono na wanafunzi wanaochongea penseli. Mwanamume anayenyoa ndevu nyumbani huupita wembe huo na kuomba mashine ya plastiki ya kutupa; mwenye uwezo zaidi hununua mpini wenye vichwa vya kubadilisha, kila kichwa kikiwa na nyembe tatu hadi tano, pamoja na kopo la povu la kubonyeza. Mwongozo huu unamrudisha kwenye ule wembe uliofungwa kwa karatasi. Ni wa bei ndogo kuliko vyote, na kwa ndevu zenye kujikunja, kama zilivyo za wengi wetu, ndio usioidhuru sana ngozi, mradi ukae kwenye kifaa kinachofaa, yaani mashine ya chuma inayofungwa wembe mmoja, na utumiwe bila haraka.

Kwa nini wembe mmoja

Unywele wa ndevu uliojikunja hutoka kwenye ngozi ukiwa umepinda. Ukikatwa sawa na uso wa ngozi, ncha yake hubaki nje na huendelea kukua. Ukikatwa chini ya uso wa ngozi, ncha iliyochongoka hulazimika kutafuta njia mpya, na mara nyingi huichoma ngozi kutoka ndani, au hutoka, ikapinda, kisha ikaingia tena kando. Mwili huuona unywele huo kama mwiba, ngozi huvimba, na ndipo hutokea vile vipele vigumu vya shingoni na chini ya taya ambavyo watu wengi hudhani vimeletwa na sabuni mbaya au uchafu wa kinyozi. Mashine zenye nyembe nyingi zimeundwa ili wembe wa kwanza uuvute unywele na unaofuata uukate kabla haujarudi, hivyo kinachobaki huzama ndani. Kwa mwenye nywele zilizonyooka huo ni ulaini wa kupendeza. Kwa mwenye nywele za kipilipili ni mwanzo wa mateso.

Kuna pia habari ya bei, ambayo ina historia yake. King C. Gillette wa Boston, Marekani, aliyebuni mashine ya wembe wa namna hii, alianzisha kampuni yake mwaka 1901, akaanza kuuza mwaka 1903, na katika mwaka huo wa kwanza aliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Hataza yake, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, ilitolewa mwaka 1904. Ilipokwisha mwaka 1921, viwanda vingine vilikuwa huru kutengeneza vifaa vya namna hiyo, na leo wembe wa karibu milimita 43 kwa 22, wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, uwe umetengenezwa Misri, Uturuki, India au Japani, huingia kwenye mashine ya kiwanda chochote. Mwenye mpini wa vichwa vya kubadilisha hana uhuru huo; akishaununua, amekwisha kufunga ndoa na kiwanda kimoja.

Ili kulinganisha gharama kwa haki, gawanya bei kwa idadi ya mara utakazonyoa, usitazame bei ya pakiti peke yake. Tuseme pakiti ya nyembe 5 inauzwa shilingi 1,000 na kila wembe unanyoa mara 4: kila kunyoa ni shilingi 50. Tuseme kichwa kimoja cha nyembe tatu kinauzwa shilingi 5,000 na kinanyoa mara 10: kila kunyoa ni shilingi 500. Ikiwa mashine ya chuma itakugharimu shilingi 30,000, itakuwa imejilipa baada ya kunyoa mara 67, yaani kwa anayenyoa mara tatu kwa wiki, kabla ya miezi sita kwisha. Hizo ni bei za mfano. Weka za duka lako, na utaona kuwa mpangilio wa matokeo haubadiliki.

Vifaa vya kununua na vya kuacha

Mashine ndiyo kitu pekee kinachostahili kuchaguliwa kwa muda mrefu, kwa kuwa ikitunzwa hudumu miaka mingi. Nyingi zina sehemu tatu: kofia ya juu, bamba la chini lenye kizuizi, yaani ukingo unaotangulia makali kwenye ngozi, na mpini wenye skrubu. Anayeanza achague yenye kizuizi kilichonyooka, si chenye meno kama kitana, na ambayo wembe wake ukishafungwa huchomoza kidogo tu. Kabla ya kulipa, omba kuifungua na kuifunga ikiwa na wembe ndani, kisha uitazame kwa mbele: makali yanapaswa kuchomoza sawa pande zote mbili. Mashine ambayo upande mmoja umetoka kuliko mwingine itakukata hata uwe fundi kiasi gani. Ukirithi ya babu au ukiiokota kwenye mitumba, isugue kwa maji ya moto, sabuni na mswaki mkuukuu, kisha uifute kwa spiriti. Chuma chake kwa kawaida ni kizuri kuliko cha mashine nyingi mpya za bei rahisi.

Kuhusu nyembe, nunua pakiti ndogo za aina mbili au tatu badala ya katoni ya aina moja, kwa sababu wembe unaomfaa jirani yako waweza kukuwasha wewe. Nacet na Topaz ni majina yaliyozoeleka katika maduka ya Afrika Mashariki. Feather ya Japani inasifika kwa ukali mno, nami nisingemshauri anayejifunza aanzie hapo. Derby ya Uturuki ni mpole zaidi, ingawa ndevu nene huenda zikamshinda. Wembe wenye doa la kutu hata kabla haujatumika utupe bila kuuonea huruma.

Krimu ya tyubu ni nafuu kuliko povu la kopo, kwa sababu kwenye kopo hulipii krimu peke yake bali na gesi inayoisukuma. Kiasi cha punje ya njegere hutosha uso mzima ukitumia brashi, na tyubu ya gramu 100 huweza kufikisha mara 80 hadi 100. Krimu hizi hutengenezwa kwa mafuta yaliyochanganywa na magadi ya potasiamu, yanayotoa sabuni laini yenye povu la majimaji, pamoja na glisirini inayozuia povu lisikauke usoni. Sabuni ya kawaida ya kuogea hutokana na magadi ya sodiamu, huwa ngumu, na povu lake hufa haraka. Ukikosa krimu kabisa, sabuni ya kuogea yenye mafuta ya nazi ni afadhali. Sabuni ya mche iache kwenye beseni la nguo. Nilipokuwa bwenini nilinyolea sabuni hiyo karibu mwaka mzima, na kila Jumatatu asubuhi, tukiwa kwenye mstari, shingo yangu ilinikumbusha kosa lile.

Brashi si lazima, lakini huokoa krimu na kuinua ndevu zilizolala. Ya nyuzi za plastiki ni ya bei ndogo, hukauka upesi na haina utata. Brashi nyingi za bei rahisi hutengenezwa kwa singa za nguruwe, na Mwislamu anayelijali hilo aulize kabla hajanunua. Bakuli maalumu ni anasa. Kikombe cha bati kinatosha, na kiganja kinatosha zaidi.

Kitu cha mwisho ni shabu, lile jiwe jeupe linalofanana na barafu ambalo huuzwa kwa wauza viungo na dawa za asili, na ambalo wazee walilitumia pia kutuliza tope kwenye mtungi wa maji. Kipande cha ukubwa wa yai hudumu mwaka na zaidi, nacho huchukua nafasi ya manukato yote ya baada ya kunyoa.

Maji, ambayo hayapewi uzito wake

Watu wengi wa Pwani wanaolalamika kuwa krimu yao ni feki wana tatizo la maji. Maji ya kisima katika sehemu nyingi za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa ni magumu au yana chumvi. Madini yake huungana na sabuni yakafanya utando mweupe badala ya povu, na utando huo ndio unaoona ukiganda kwenye ndoo. Povu likifa katikati ya shavu, wembe hupita juu ya ngozi kavu, na hapo hata wembe bora hukwangua. Dawa yake ni rahisi kwa sababu kunyoa hakuhitaji maji mengi: weka kando kikombe kimoja cha maji ya mvua au ya kunywa kwa ajili ya povu peke yake, na maji ya kisima uyatumie kuoshea uso na kusuuzia mashine. Kuchemsha maji huondoa sehemu ya ugumu, ndiyo yale magamba yanayobaki kwenye birika, lakini hakuondoi chumvi. Ikibidi utumie maji hayo hayo, ongeza krimu mara mbili na ukoroge kwa muda mrefu zaidi.

Utaratibu wa kunyoa

Hatua ya kwanza hufanywa siku mbili kabla, nayo ni kuzisoma ndevu zako. Ziache ziote kidogo, kisha pitisha ncha ya kidole usoni kwa kila upande. Upande ambao kidole kinateleza ndiko ndevu zinakolalia. Upande unaokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni karibu watu wote ndevu hushuka chini, lakini shingoni hupanda juu, hulala pembeni, au huzunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Chora ramani hiyo kwenye karatasi ukipenda, kwani makosa mengi ya shingoni hutokana na mtu kunyoa kutoka juu kwenda chini mahali ambapo ndevu zake zinapanda.

Pili, osha uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha uweke kitambaa chenye maji hayo kwenye ndevu kwa dakika mbili au tatu. Unywele hunyonya maji na kulainika, na wembe hukata unywele uliolowa kwa nguvu ndogo zaidi. Wakati mzuri kuliko wote ni mara baada ya kuoga. Anayenyoa kabla ya kuoga anaanza safari kwa mguu mbovu.

Tatu, tengeneza povu. Lowesha brashi, ikung'ute ibaki na unyevu tu, weka krimu katikati ya nyuzi, kisha izungushe kwenye kikombe, kiganjani au moja kwa moja usoni. Baada ya nusu dakika utapata kitu kizito kinachonata. Hapo anza kuongeza maji tone kwa tone, ukikoroga kila unapoongeza. Wanaoanza hukomea kwenye uzito huo wa mwanzo kwa sababu unapendeza kwa macho, ilhali povu hilo bado lina kiu. Endelea mpaka ling'ae kidogo na lifanane na mtindi ulioganda vizuri: linainuka na brashi, halitiririki, na halina mapovu makubwa kama ya sabuni ya unga. Lipake kwa kuzungusha ili liingie chini ya ndevu, kisha umalizie kwa kulilaza.

Nne, funga wembe. Fungua mashine ikiwa kavu, shika wembe kwa ncha zake mbili fupi zisizo na makali, ulaze kwenye kofia, weka bamba juu yake, kisha ukaze mpini ukiwa umeshika ncha zile zile. Usiukaze mpini kabla wembe haujakaa sawasawa. Tazama tena kwa mbele kama ulivyofanya dukani.

Tano ndiyo hatua ya kujifunza kwa mkono, na hapa usiharakishe. Gusisha kilele cha kofia kwenye shavu mpini ukiwa umelala sambamba na sakafu, kisha ushushe mpini taratibu mpaka uhisi makali yamegusa ndevu. Pembe hiyo, ambayo ni kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi, ndiyo ya kuilinda muda wote, na sikio litakusaidia: pembe ikiwa sahihi, utasikia mkwaruzo mwepesi wa ndevu zinazokatwa, ikipotea, sauti hufifia au wembe huanza kukwama. Shika mpini karibu na mwisho wake kwa vidole vitatu, uachie uzito wa mashine ufanye kazi. Mashine ya plastiki imetuzoesha kukandamiza kwa kuwa ni nyepesi. Ya chuma ukiikandamiza itakulipa papo hapo. Vuta mapigo mafupi ya sentimita mbili au tatu, suuza kila baada ya mapigo machache, na ugeuze upande wa pili wa wembe upande wa kwanza unapojaa.

Mzunguko wa kwanza wote ufuate ndevu zinakolalia. Anza na mashavu, ambayo ni tambarare, kisha shingo, na uache kidevu na juu ya mdomo mwisho ili povu lipate muda zaidi wa kuzilainisha ndevu hizo ngumu. Maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wenye nywele zilizonyooka hukuambia uivute ngozi ikaze kama ngoma. Mwenye ndevu za kujikunja asifanye hivyo, kwa sababu ngozi iliyovutwa ikirudi mahali pake humeza ncha zilizokatwa. Inyooshe kidogo tu pale inapojikunja chini ya taya, tena kwa kuinua kichwa kuliko kwa kuvuta kwa vidole.

Suuza uso, upapase. Ukiridhika, simama hapo. Ukitaka usafi zaidi, paka povu upya, kwani hakuna kupitisha wembe mahali pasipo na povu, kisha nyoa kwa kukata pembeni, yaani kutoka sikioni kuelekea puani na kurudi. Kunyoa kinyume cha ndevu ni mzunguko wa tatu ambao mwenye historia ya vipele auweke kando kabisa. Uso utakaokwaruza kidogo jioni ni bei ndogo ukilinganisha na shingo yenye vinundu kwa wiki tatu.

Baada ya wembe

Suuza kwa maji baridi mpaka utelezi wa sabuni uishe. Lowesha shabu na uipitishe uso mzima, uiache kwa dakika moja, kisha uoshe tena. Itachoma kidogo mahali wembe ulipokosea, nayo ni taarifa nzuri ya kukufundisha ulikandamiza wapi. Hukaza ngozi na kuzuia damu ya mikato midogo. Spiriti inayomiminwa na baadhi ya vinyozi huchoma zaidi na kukausha ngozi bila faida ya ziada. Kausha kwa kugusagusa taulo safi, si kwa kusugua, halafu paka matone mawili ya glisirini iliyochanganywa na maji kiasi sawa.

Vipele vikiwa vimekwisha kutokea, mashine hii haitavitibu wakati unaendelea kunyoa juu yake. Acha wembe kwa wiki tatu au nne, punguza ndevu kwa mashine ya umeme bila kufika kwenye ngozi, na unywele unaoonekana umejikunja chini ya ngozi uinue tu kwa sindano safi iliyofutwa kwa spiriti, pasipo kuung'oa. Jihadhari na krimu za steroidi zinazouzwa kiholela kama dawa ya vipele. Hutuliza kwa siku chache, kisha huikondesha ngozi na kuacha mabaka. Vinundu vinavyotoa usaha, au makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, ni kazi ya kliniki ya ngozi.

Kutunza na kutupa

Ukimaliza, legeza mpini nusu mzunguko, suuza, kung'uta maji, na uiache mashine mahali penye hewa. Usifute makali kwa kitambaa, kwani utayaharibu na kujikata. Kwenye unyevu wa Pwani wembe wa chuma cha kawaida huweza kushika kutu kwa usiku mmoja, kwa hiyo tafuta ulioandikwa kuwa haushiki kutu. Wembe mmoja hunyoa vizuri mara 3 hadi 5. Ukianza kuvuta badala ya kukata, umekwisha, na kuubana ili ufike mara ya kumi ni uchumi wa kujidanganya. Anayesafiri kwa ndege aweke nyembe kwenye mzigo unaokwenda chini, kwa kuwa kwenye mkoba wa mkononi zitatwaliwa.

Wembe hauazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja, na shabu vilevile. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na mkato usioonekana kwa macho unatosha kuvipitisha. Kwa kinyozi, nenda na wembe wako au uone ukifunguliwa karatasi mbele yako.

Wembe uliochoka usiutupe kwenye ndoo ya taka, ambako watoto na waokota makopo huingiza mikono, wala kwenye choo cha shimo, ambacho siku moja mtu atakizibua. Chukua kopo la bati la maziwa lisilofunguliwa, lipasue mpasuo mwembamba juu kwa kisu, mimina maziwa yote, suuza kwa maji ya moto na uliache likauke. Tumbukiza humo kila wembe unaokwisha. Kopo dogo huchukua miaka kadhaa kujaa. Likijaa, pigilia mpasuo kwa nyundo, andika juu yake NYEMBE kwa kalamu isiyofutika, na uulize zahanati ya karibu kama inapokea vitu vyenye makali kwenye kichomea taka chake.